Nani Anakuanulia Kahawa?

*Nilitakiwa kwenda kuchora Ulaya wakati wa theluji. Viza ikagoma, nikaishia Bugomora, kwa shangazi yangu. Huko ndiko nilikojifunza kitu kuhusu ndoa yangu ambacho kicheni pati yangu haikunifundisha.*

Koti nililinunua Karume. Mtumba, rangi ya kijivu, zito kama godoro la futi tatu. Muuza nguo alinitazama nikilijaribu kwenye jua la Novemba, jasho linanitoka, akaniuliza, "Dada, unahamia kwenye friji?" Nikacheka. Nilikuwa na sababu ya kucheka. Kwenye simu yangu kulikuwa na barua kutoka kituo kimoja cha sanaa huko Ulaya, ikisema nimechaguliwa kwenda kukaa nao kuanzia Januari 2024, katikati ya majira yao ya baridi.

Kwa msomaji asiyejua mambo yetu wasanii, ukaazi wa namna hii tunauita residensi. Kituo kinakupa pa kulala, chumba cha kazi na chakula, kwa wiki au miezi kadhaa. Hupiki, hufui, hupokei wageni. Unachora. Kama ni mwandishi unaandika, kama ni mwanamuziki unatunga. Ukisikia hivyo unaona kama ndoto, eh? Kwangu ilikuwa zaidi ya ndoto. Tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe mwaka 2017, sikuwa nimemaliza picha kubwa hata moja. Barua ile niliipata kwa picha za zamani, nilizozipiga vumbi nikazituma.

Basi bwana, Desemba jibu la viza likaja. Hapana. Sababu ilikuwa mistari miwili, na sikuielewa hadi leo. Koti nikalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Kila usiku nikizima taa naliona limesimama pale kama mtu anayesubiri basi.

Aliyelishusha ni shangazi yangu. Alipiga simu kusalimia, nikajikuta namwaga yote. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sasa mwanangu, kama unachotaka ni baridi na watu wasikusumbue, si uje huku? Njoo Juni. Baridi ya kyanda huku unaijua au umesahau?"

Siku mbili barabarani

Bugomora iko wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, upande wa Murongo ambako Tanzania inapakana na Uganda. Zamani yote ilikuwa Karagwe, Kyerwa ikawa wilaya yake mwaka 2012. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,400. Nilishuka kwenye basi Omurushaka miguu imevimba, nikapanda hiace ya kuelekea Murongo, nikamalizia na bodaboda, begi kubwa mbele ya dereva na mimi nyuma nimekumbatia karatasi zangu.

Ile asubuhi ya kwanza nilielewa shangazi alikuwa anasema nini. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, milima ya upande wa pili huioni, na ukipumua mvuke unakutoka mdomoni. Wa Dar tunadhani kipupwe ni upepo tu wa Coco Beach jioni. Kule ni kitu kingine. Nikafungua begi nikatoa koti langu la Ulaya. Shangazi aliponiona nimelivaa nikipiga mswaki nje, alicheka hadi akaweka ndoo chini. "Kumbe safari haikupotea!"

Makubaliano yetu yalikuwa wiki sita. Alinipa chumba cha pembeni alichozoea kuwekea magunia ya kahawa. Kina dirisha moja linalotazama mashariki, mwanga mzuri sana asubuhi. Meza aliazima kwa jirani. Akawaambia watu wote wa pale nyumbani, "Huyu amekuja kazini. Asiitwe ovyo." Saa nne chai ikawa inakuja. Saa nane ndizi na maharage. Jioni kisahani cha kahawa kavu ya kutafuna, ile wenyewe wanaiita akamwani. Vyote vinawekwa kwenye kigoda mlangoni, na anayeleta anaondoka bila kugonga.

Mwenzangu, nilijiona malkia.

Nilimwambia shangazi kuwa hivyo hivyo ndivyo wanavyofanya Marekani. Huko New Hampshire kuna kituo cha wasanii kinaitwa MacDowell, kilianza mwaka 1907, na ni maarufu kwa kitu kimoja: chakula cha mchana kinaletwa ndani ya kikapu na kuachwa mlangoni kwako kimya kimya, ili usikatishwe mawazo. Shangazi akauliza, "Na huyo wa kuleta kikapu, yeye mawazo yake yanakatishwa na nani?" Nikacheka nikidhani ananitania.

Mtoto wa mjini anaomba mavi

Kazi ilianza kwa mkosi. Rangi zangu za akriliki zilikuwa zimepasuka njiani, kuna abiria aliyeweka mzigo wake juu ya begi langu. Nilibakiwa na tyubu mbili, bluu na kijani. Duka la rangi za kuchorea halipo karibu.

Ndipo nikakumbuka imigongo. Ng'ambo ya Mto Kagera, mashariki mwa Rwanda, wanawake wana sanaa ya kuchora kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu. Unayajenga ubaoni kwa vidole yawe matuta ya mistari na pembe, unayaacha yakauke, unayasugua yalainike, halafu unapaka rangi. Nyekundu na nyeupe hutoka kwenye udongo. Nyeusi ya asili ni ya majivu ya maganda ya ndizi pamoja na utomvu wa mshubiri. Masimulizi yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kama mwanzilishi, lakini walioitunza ni akina mama. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ni wanawake wa Nyakarambi, njia ya kwenda Rusumo, walioifufua kwa kujiunga kwenye ushirika.

Nikamwendea shangazi. "Shangazi, naomba mavi ya ng'ombe."

"Ya kufanyia nini?"

"Kuchorea."

Aliita majirani waje wasikie. "Waitu! Mtoto kasoma, kakaa Dar miaka yote, kaja na koti la Ulaya kuomba mavi!" Lakini jioni ile ile ndoo ilikuwa mlangoni, na majivu safi yaliyochungwa kwenye kikopo. Kesho yake alinionyesha mwenyewe namna ya kuyakanda, maana wanawake wa kule wamekuwa wakisiriba sakafu na kuta tangu zamani na mikono yao inajua kipimo. "Yakishikana na kidole hayajawa. Yakiteleza yamekuwa." Udongo mwekundu ulikuwa chini ya miguu yetu, kazi yangu ilikuwa kuuchunga tu.

Kufika mwisho wa wiki ya pili nilikuwa na mbao tatu zimeanikwa kivulini. Mimi! Tatu!

Mpenzi msomaji, nikwambie kidogo kuhusu mtu mwingine aliyewahi kuja kuchora upande ule. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda. James Grant akabaki, mguu wake umeoza kwa kidonda, hawezi kutembea. Alikaa mpaka Aprili. Kwenye safari ile Grant alichora watu, mimea na mandhari, na michoro yake leo imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Yaani ukitaka kusema kwa lugha yetu, jamaa alipata residensi Karagwe kabla ya hilo neno kuwapo. Historia inamkumbuka Grant na mguu wake. Waliomchotea maji na kumpikia miezi yote ile hakuna anayewakumbuka.

Hilo la mwisho sikuliwaza wakati ule. Nilikuja kuliwaza baada ya mvua.

Simu ya kilimani

Kabla ya mvua ilikuja simu. Kule mpakani mtandao una vituko, umekaa zako nyumbani Tanzania simu inakuletea ujumbe "Karibu Uganda". Ukitaka kuongea vizuri unapanda kilimani penye mti mmoja wa mwembe, ndo ofisi ya kijiji kizima jioni.

Niwaeleze nyumbani kwetu Tabata tunaishije. Mume wangu ni mtayarishaji wa muziki, prodyuza kama mnavyowaita. Studio yake ni chumba cha tatu cha nyumba yetu, kuta amezibandika sponji. Nyumba ina sheria moja: taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango, hakuna kelele. Watoto nawatoa nje, nawapeleka kwa jirani, au tunacheza mchezo wa kunong'ona. Feni tunazima. Blenda siwashi. Chakula chake naweka kwenye stuli mlangoni, akimaliza kurekodi atakichukua. Tumeishi hivyo tangu tuoane mwaka 2016 na sikuwahi kuona ni shida. Ndiyo kazi inayotulisha, na ni kazi nzuri, nampenda akiwa anaifanya.

Sasa siku ile akaniambia, "Mama watoto, mdogo ana mafua halali usiku, na nina msanii natakiwa nimmalizie nyimbo tatu kabla ya Ijumaa. Unarudi lini?"

"Si tulikubaliana wiki sita?"

"Wiki sita za kuchora! Hivi unajua nimeshapoteza wateja wangapi?"

"Wangapi?"

"Wanne."

Sikuwa na jibu. Nilishuka kilima nalia. Mama gani anaacha mtoto mwenye mafua aende kukanda mavi? Usiku nikaanza kupanga nguo. Koti nikaliweka juu kabisa, nilivae asubuhi kwenye bodaboda. Kilichonizuia kuondoka kesho yake si ujasiri, nisijisifu. Mbao hazikuwa zimekauka.

Mvua ya Julai

Juni na Julai ndio msimu wa kahawa. Watu wanachuma, wanaanika juani wiki mbili au zaidi mpaka ikikaukia ndani ya maganda ukiitikisa inalia. Kyanda ni ukame, mvua haitegemewi, ndiyo maana watu huiacha nje wanakwenda shughuli nyingine. Ya shangazi ilikuwa kwenye maturubai manne uani. Aliihangaikia. Mwezi Machi kuna mtu alikuja kumshawishi auze butura, yaani uuze mazao yangali mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu una shida ya pesa leo. Shangazi alikataa, akakopa chumvi kwa jirani, akasubiri kahawa yake iive.

Siku hiyo wiki ya tatu nilikuwa ndani nasugua ubao wa kwanza kwa jiwe. Mistari ilikuwa imekaa sawa, ile siku unayoisubiri mwaka mzima. Nikasikia bati linagonga. Nikajua mvua. Nikaendelea kusugua. Saa nne ikapita, chai hamna. Saa tano chai hamna. Nikakasirika, jamani! Nikatoka kuuliza chai iko wapi.

Nikamkuta shangazi uani, mwenye miaka sitini na moja, amelowa chapachapa, anavuta turubai la mwisho peke yake kuingiza kibarazani. Kijana wa kumsaidia alikuwa ameenda mtoni. Maturubai mawili aliyawahi. Mawili maji yalishaingia, kahawa ya siku kumi inaogelea.

Nilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale. Nimepima baadaye.

Hakusema neno. Alibadili nguo, akawasha moto, akaniletea chai na kuiweka kwenye kigoda mlangoni, kama kawaida. Hiyo chai sikuweza kuinywa.

Jioni nikamfuata jikoni. "Shangazi, mbona hukuniita?"

"Ulisema umekuja kazini. Mtu akiwa kazini haitwi."

"Lakini kahawa, Shangazi!"

"Kahawa ni yangu. Kazi ni yako."

Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua ndipo nikaona juu darini, katikati ya moshi, kikapu kimening'inia. Kizuri mno, michoro ya pembe nyeusi imezunguka kama ngazi, ila kimefika nusu tu. Ncha za ukindu zimesimama juu kama nywele za mtu aliyeshtuka.

"Hicho cha nani?"

"Changu. Nilikianza mwaka aliofariki mjomba wako." Miaka sita, nikahesabu. "Zamani nilikuwa nasuka, we humkumbuki shangazi yako? Bibi harusi wa huku alikuwa hatoki bila kikapu changu."

"Kwa nini hukimalizi?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mwanangu, nikikaa kusuka, nani ataniangalizia kahawa? Mvua ikija, nani ataanua?"

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nasikia matone ya mwisho yakidondoka kwenye migomba, na kichwani naiona taa nyekundu ya Tabata. Stuli mlangoni. Kigoda mlangoni. Kule kwetu mbeba sahani ni mimi, huku ni shangazi, na sisi wote wawili tuna kikapu darini. Nikamkumbuka hata yule Mmarekani MacDowell. Edward alikuwa mtunzi wa muziki. Marian mkewe alikuwa mpiga piano. Shamba lile ni Marian aliyelinunua mwaka 1896, ni yeye aliyemjengea mume kibanda cha magogo msituni ili atunge kwa utulivu, na mumewe alipofariki mwaka 1908 ni yeye aliyezunguka kupiga piano kutafuta fedha za kuendesha kituo. Ukimya haupatikani bure. Popote unapomwona mtu ametulia anaumba kitu, kuna mwenzake amesimama uani anaitazama mvua.

Nilichelewa sana kuliona hilo, na nililiona kwa sababu safari hii ni mimi niliyekuwa ndani.

Nusu ya pili

Asubuhi nilifungia brashi. Tulianika upya kahawa yote, ile iliyolowa tukaitenga isiharibu nyingine. Halafu nikamshushia shangazi kikapu chake. "Kuanzia leo mpaka Jumapili, kahawa ni yangu. Wewe uko kazini."

Alikataa. Akasema vidole vimekufa ganzi. Akasema moshi umekausha ukindu. Saa sita nikampelekea ndizi kibarazani nikaziweka kwenye kigoda, bila kugonga. Nilipopita saa tisa alikuwa ameloweka ukindu kwenye beseni, mdomoni ameng'ata uzi, na hakunisikia nikipita.

Kwa siku nne nilipindua kahawa kwa reki, nikafukuza kuku, nikatazama mawingu. Nawaambieni, kutazama mawingu ni kazi ya kutwa. Huwezi kuwaza picha. Huwezi kuwaza chochote kirefu. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo tangu 2017, nikawa najiambia kipaji kimeniisha.

Siku ya tano nikapanda kwenye mwembe, nikampigia mume wangu. Sikugombana. Nilimsimulia habari ya mvua na kikapu, kama ninavyowasimulia nyinyi. Mwisho nikamwambia, "Umepoteza wateja wanne kwa wiki tatu. Mimi nimepoteza miaka saba. Niliuza butura." Akanyamaza. Halafu mtandao ukahamia Uganda, simu ikakata.

Hakupiga siku tisa. Nisiwadanganye, siku zile nilijiona nimeshaachika. Siku ya tisa ikaingia shilingi elfu arobaini kwenye simu, na ujumbe wa maneno matatu: "Sukari ya Shangazi."

Nikamwonyesha shangazi. Akaupokea mlio wa pesa kwa furaha, akasema, "Huyo kaomba msamaha. Wanaume wa siku hizi msamaha wanautuma kwa simu."

"Shangazi, mimi sihitaji sukari. Nahitaji muda."

Hapo ndipo aliposema neno ambalo limenifanya niandike makala hii. Kwetu Kagera, kama mnavyojua, shangazi ndiye anayemfunda bibi harusi. Mwaka 2016 alisafiri mpaka Dar kwa ajili hiyo, akakaa mbele kwenye kicheni pati yangu, akanisomea yote. Mume akiwa kazini usimpigie kelele. Mume akirudi asikute jiko limelala.

Akaweka kikapu pajani. "Mimi ndiye niliyekufunda kunyamaza mumeo akiwa kazini. Na ni kweli, usimpigie kelele. Ila na mimi nilifundwa hivyo hivyo na shangazi yangu, nusu moja. Nusu ya pili sikuipewa, sikukupa." Akachomeka ukindu, akavuta. "Nusu ya pili ni kwamba na wewe una kazi. Siku ukiwa kazini, anyamaze yeye."

Taa mbili

Nilirudi Dar mwisho wa Julai na mbao saba, gunia dogo la kahawa na koti. Baba watoto alitupokea stendi, mimi na mizigo. Njiani kwenye bajaji hakuongea mengi. Tulipokaribia Tabata akasema, "Unajua mimi siku zote nilidhani nyumba yetu ni tulivu tu. Yenyewe. Kumbe ulikuwa wewe."

Sikumjibu, nilimshika mkono. Lakini mkono peke yake haukutosha, maana nawafahamu wanaume na najifahamu mimi. Wiki ile ile tulikaa mezani na kalenda. Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, chumba cha kulia ni changu. Siku hizo yeye hapokei wateja, anampeleka na kumfuata mdogo shule ya awali, na chakula ni juu yake. Alifunga taa ya pili juu ya mlango wangu, ya kijani, akanunua kwa pesa yake Kariakoo.

Tunakosea? Sana tu. Mwezi wa kwanza Alhamisi mbili zililiwa na msanii aliyetoka Mwanza bila taarifa. Siku moja nilitoka nikamkuta analisha watoto chipsi saa tano asubuhi na sebule imekuwa uwanja wa taifa. Siku nyingine nilivunja mwenyewe, nikatoka kufua nguo ambazo hakuna aliyeniomba nizifue. Kuwaachia wengine nyumba nako ni ufundi, unafundishwa taratibu. Ila mbao zimefika kumi na moja, na mbili zimepata mnunuzi.

Desemba kifurushi kilikuja na basi kutoka Karagwe. Kikapu. Kimemalizika mpaka ukingo, na mfuniko wake. Ndani kulikuwa na akamwani ya kutafuna, hakuna barua. Nikampigia shangazi kumshukuru. Simu ikaita sana. Akapokea kijana wa pale nyumbani akasema, "Shangazi yuko kazini. Amesema asiitwe."

Na wewe ukitaka kwenda

*Ongeeni kwa siku na saa.* "Nitakusaidia" halina maana. Nani anamfuata mtoto Jumatano? Nani anaamka usiku? Andikeni kabla hujafunga begi.

*Si lazima Ulaya.* Dar kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, ambako wasanii wanafanya kazi kwenye makontena yaliyogeuzwa studio. Kampala kuna 32° East, tangu 2011, na Mtanzania kwenda Uganda hahitaji viza. Kama huna kituo, una shangazi.

*Mlipe anayekutunza.* Kama si kwa pesa, kwa siku zako. Wiki sita zangu nilipaswa kuzigawa kuanzia siku ya kwanza.

*Na kama wewe ndiye unayetazama mawingu,* leo jioni, watoto wakishalala, muulize mwenzako swali moja tu, kwa upole: siku nikiwa kazini, nani ataanua kahawa?